Kodi ya Ukoo

Mzee niliyekaa naye kiti cha nyuma cha Noah kutoka Uyole kwenda Tukuyu alikuwa na hoja moja, na aliianza kabla hatujafika Isyonje. Hela za TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, alisema, zimewaharibu wanawake wa kijijini kwao. Zamani mwanamke alidamka saa kumi na moja, ukungu umetanda, akaenda kuchuma chai. Siku hizi anakaa anahesabu siku za malipo. "Ukimpa mtu cha bure, mwanangu, umemkata mikono." Nikaitikia kama inavyompasa mtu wa umri wangu kumwitikia mzee, yaani kwa mguno usio ndiyo wala hapana.

Tulipopita Kiwira simu yake ikaita. Aliongea Kinyakyusa, akaingiza Kiswahili palipohitaji hesabu. Alikuwa anampa mpwa wake aliyeko Dar es Salaam taarifa ya msiba wa bibi mmoja wa ukoo, na kumjulisha kwamba familia imempangia elfu hamsini, na kwamba itumwe leo, kesho ndiyo maziko. Hakuomba. Alitaja kiwango. Alipokata simu akarudi palepale alipokuwa ameachia: watu wazoee kujitegemea.

Swali lake wachumi wamelibishania kwa vizazi kadhaa. Je, dola inayowalea raia wake kwa mkono mkunjufu, ikawapa pensheni, matibabu, shule na posho ya shida, inaukuza uchumi au inaudumaza? Wanaosema inaudumaza wana hoja nyepesi kueleweka: kodi kubwa humvunja moyo anayefanya kazi, na ruzuku humvunja moyo anayeitafuta kazi. Wanaosema inaukuza hutaja Sweden na jirani zake, ambako kodi inapita asilimia 40 ya pato la taifa na bado watu wanaamka kwenda kazini. Mwanahistoria wa uchumi Peter Lindert alipitia takwimu za nchi tajiri za karne mbili, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 akasema hakuona dalili kwamba nchi zilizotumia zaidi kwa ustawi wa watu zilikua polepole kwa sababu hiyo. Wapinzani wake hukumbusha kwamba Sweden ilitajirika kwanza, ikakarimu baadaye, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, matumizi ya serikali yalipokaribia asilimia 70 ya pato la taifa, ilibidi ikaze mkanda na kuupanga upya mfumo wake wa pensheni. Wote wanasema kweli.

Shida ni kwamba mjadala huu ukisafirishwa hadi Rungwe, wilaya ambamo Tukuyu imo, unafika umepungukiwa. Unadhani kuna vitu viwili tu, dola upande mmoja na soko upande wa pili, na kwamba mtu akiondolewa mikono ya dola anabaki huru sokoni na jembe lake. Rungwe kuna kitu cha tatu, kikubwa kuliko dola na pengine kuliko soko, nacho ni ukoo. Ukoo unatoza, unagawa, unauguza, unasomesha, unazika. Mpwa wa Dar es Salaam anaishi chini ya dola ya ustawi yenye kodi kali tangu siku alipopata mshahara wa kwanza. Haina ofisi wala risiti.

Kwa hiyo kuuliza kama tuanzishe mfumo wa kuwalea watu ni kuchelewa. Upo. La kuulizwa ni nani anaulipia, kwa utaratibu gani, na malipo hayo yanamfanya nini yule anayelipa.

Mfumo wenyewe umeandikwa vizuri kuliko mingi. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya marika. Mvulana alipofikisha miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake akaenda kujenga na wenzake. Walirudi kula kwa mama zao, lakini kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, ili asiwepo anayeshiba peke yake. Kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuzungumza na wenzako, kuliitwa ukwangala, na kulihesabiwa kuwa ndiyo utu wenyewe. Upande wa pili wa ukwangala ulikuwa pumzi za watu. Aliyechinja ng'ombe akala kimyakimya aliwafanya majirani wanung'unike, na manung'uniko hayo yaliaminiwa kumletea ubaridi mwilini na ugonjwa. Mamlaka ya Mapato haijawahi kubuni chombo cha kukusanya kodi chenye nguvu hiyo, na chake kinategemea mtandao usikatike.

Vijiji vya marika havipo tena. Pumzi za watu zimebaki, zimehamia kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Zilipoanza safari za kutafuta fedha, dhahabu ya Lupa kule Chunya katika miaka ya 1930, halafu migodi ya shaba ya Zambia na ile ya Afrika Kusini, aliyeondoka hakuondoka peke yake. Aliondoka na orodha. Fedha ilirudi ikawa ng'ombe, ng'ombe wakawa mahari, bati, ada ya mdogo wake. Sehemu kubwa ya nyumba za tofali zilizotapakaa kwenye migomba kati ya Tukuyu na Masoko zilijengwa na mtu ambaye halali humo.

Tusogee karibu na daftari moja. Nililiona kwenye msiba upande wa Kyimbila, mahali ambapo Wajerumani walijaribu kupanda chai mwanzoni mwa karne iliyopita. Lilikuwa kauntabuku jekundu, limelainika pembe kwa kushikwa na mikono yenye mvua, maana Rungwe mvua haisubiri wafiwa wamalize. Kijana aliyelishika alikaa kwenye stuli chini ya turubai, na mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyewahi kuwa katibu wa VICOBA. Safu nne: jina, anakotoka, fedha, vitu. Kwenye safu ya vitu kulikuwa na mikungu ya ndizi, maharage kwa visado, kuni, sukari, na mahali pamoja palipoandikwa tu "maziwa, kila siku mpaka matanga". Kilichonivutia ni namna watu walivyolitumia. Mtu alifika, akasalimia, akatoa pole, kisha kabla ya kutaja kiasi akamnong'oneza kijana. Kijana akarudisha kurasa nyuma, miezi minane, mwaka, akaweka kidole mahali. Msiba wako ulipotokea, hawa walileta elfu tano na mkungu mmoja. Mtu akatoa elfu tano, akaenda kushusha mkungu kwenye bodaboda.

Mchumi akiliona daftari hilo angeliita bima ya jumuiya, na angekuwa sahihi kabisa, ingawa asingepewa stuli.

Sasa, kama bima, mfumo huu una sifa ambazo wizara yoyote ingeziota: gharama za uendeshaji hazipo, udanganyifu ni mgumu kwa sababu kila mtu anajua mgomba wa nani una mikungu, na malipo hutoka siku hiyohiyo. Lakini una matundu matatu, na kupitia matundu hayo hupita umaskini wenyewe.

Tundu la kwanza: unalinda mmoja mmoja, hauwezi kuwalinda wote siku moja. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 na bei duniani ikaporomoka, iliporomoka kwa kijiji kizima. Aliyekuwa akimwinua jirani naye alikuwa chini. Halafu ukaja UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 uliukuta Mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe imo ndani yake, ukiwa na maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima, juu kabisa nchini. Walioondoka ndio waliokuwa wakituma. Bibi wa miaka sabini akabaki na wajukuu watano na daftari ambalo nusu ya majina yake ni ya marehemu.

La pili: asiyeweza kuchangia hufutika polepole. Hakuna anayemfukuza. Ni kwamba mwenyewe huona haya kwenda msibani mikono mitupu, akikosa mara tatu ukurasa wake unakuwa mweupe, na ukurasa mweupe haudai. Mfumo unaosifiwa kwa kutomwacha mtu unamwacha kwanza yule aliye fukara zaidi, tena kwa heshima zote.

La tatu linamhusu mpwa. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu walipewa fedha, wakaulizwa kiasi gani wawekeze mahali penye uwezekano wa faida kubwa. Wengine waliambiwa matokeo yao yatajulikana hadharani, wengine kwamba yatabaki siri. Wanawake waliokuwa na ndugu papo hapo walipunguza uwekezaji pale ambapo faida ingeonekana. Walikuwa radhi kupata kidogo mradi kisijulikane. Mfanyabiashara akifungua duka lake mbali na kwao, usidhani kila mara ni soko lililompeleka huko.

Hii ndiyo hoja ya wapinzani wa dola ya ustawi, neno kwa neno: kodi kubwa juu ya anayeinuka humfanya asiinuke, au ainuke kwa kujificha. Ni hoja nzuri. Nashangaa tu kwamba wanaielekeza kwa serikali inayokusanya asilimia 12 au 13 ya pato la taifa, wakaisahau serikali ya shangazi.

Sasa turudi kwenye hela zilizowaharibu wanawake. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF, mfuko ulioanza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati. Ndani ya miaka michache ukafikia kaya zaidi ya milioni 1. Kiserikali kinachofanyika huitwa uhawilishaji fedha, neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa aliyehawilishiwa. Kwa viwango vya awali, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kidogo kwa kuwa na watoto, kwa kuwapeleka kliniki, kwa kuwapeleka shule. Kilele, kwa kaya iliyotimiza kila sharti, kilikuwa 38,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Kwa aliye na nguvu kulikuwa na ajira za muda, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara za kijiji, kwa 2,300 kwa siku.

Chukua hicho kilele, 38,000. Gawa kwa siku 30, kisha kwa watu sita. Unapata shilingi 211. Haifiki bei ya yai. Kubishana kama ukarimu wa namna hii unazalisha uvivu ni kama kumhubiria kuhusu hatari za kitambi mtu ambaye hajanywa chai.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, maana mzee wangu angejibu kwamba tabia haipimwi kwa shilingi. Basi tutazame tabia. Kabla ya kuutandaza nchi nzima, mpango ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80, nusu vikapewa, nusu vikasubiri, watafiti wakalinganisha. Waliopewa walinunua kuku na mbuzi. Walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani walichukua sehemu ya msaada wakakatia bima. Watoto wao waliugua kwa siku chache kuliko wenzao. Na walivaa viatu. Naliweka hili la viatu mwisho kwa sababu ndilo ninaloliamini zaidi, kwa kuwa hakuna mshauri mwelekezi anayeweza kulibuni.

Kenya walikwenda mbali. Kaunti ya Siaya, shirika moja liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kaya zaidi ya 10,000, bila masharti. Edward Miguel na wenzake walifuatilia fedha ziliposhukia na zilipoelekea, wakachapisha mwaka 2022. Kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu za shughuli za uchumi katika eneo lile. Wasiopewa nao walinufaika, kwa sababu waliopewa walinunua kwao. Bei zilipanda kwa kiwango cha kuchungulia kwa darubini. Ukiyajua magulio ya Rungwe huhitaji utafiti kuelewa: fedha ya bibi haipandi basi kwenda Dar es Salaam. Inanunua dagaa, sabuni na daftari palepale, na muuza dagaa ananunua maziwa.

Na kuna jambo ambalo Rungwe inalionyesha kuliko Siaya. Mazao ya huku ni ya subira. Mche wa parachichi aina ya Hass unahitaji miaka mitatu hivi kabla haujaanza kukulipa, chai kadhalika, ng'ombe wa maziwa anadai majani kila siku kabla hajatoa lita. Mwenye akiba anapanda Hass. Asiye na kitu anapanda viazi, anavivuna baada ya miezi mitatu kwa sababu Januari ina ada na michango, anauza siku ambayo kila mtu anauza. Wote wawili wana mikono na ardhi nyekundu ileile ya volkano. Kinachowatofautisha ni nani anaweza kusubiri. Elfu kumi ya uhakika, kila mwezi, bila kumpigia mtu simu, inanunua kusubiri, na sijui bidhaa nyingine inayouzwa kwa bei hiyo.

Nimesema ya uhakika, na hapo ndipo ninapotengana na washabiki wa mpango. Malipo yanayochelewa miezi, kisha yakaja kwa mkupuo, hayanunui subira. Yananunua sherehe na madeni. Mlengwa aliyeahidiwa kila miezi miwili akalipwa siku isiyojulikana anakopa dukani kwa kutegemea, na mwenye duka anapandisha bei kwa kutegemea pia.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ukarimu wa dola Watanzania hatuhitaji kuiagiza nje. Tuliiishi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliahidi shule kwa kila mtoto, zahanati, maji. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikatangazwa, watoto wakajaa madarasani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu za zahanati zilikuwa tupu, mwalimu alikuwa na chaki ya nusu, na mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ya 1990 mgonjwa akaanza kuchangia gharama, na mzazi akachangia darasa. Wako wanaolieleza hili kwa sentensi moja: tulitoa bure, tukafilisika.

Sentensi hiyo inaruka mambo mengi: mafuta ya mwaka 1973 na 1979, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera. Lakini hata ukiyaweka kando hayo, tazama fedha za mkulima wa Rungwe zilikopotelea. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakashikwa na mamlaka za serikali, na sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikasinyaa. Mkulima alitozwa kimyakimya kabla hajashika shilingi. Akajibu kwa namna anayoijua, akaiacha kahawa kwenye magugu akapanda ndizi ambazo hakuna mamlaka ya kuzinunua. Zahanati haikumharibu. Kilichomharibu ni namna ya kumtoza, na zahanati ikaanguka pamoja na mtozwaji. Nyerere alipoandika mwaka 1962 kuhusu ujamaa alitumia methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tulilitoa jembe, kwa kweli. Kilichofuata ni kumwekea mgeni karani mlangoni pa shamba.

Somo hilo tulilisahau kabisa tarehe 15 Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu. Kila aliyetuma au kutoa fedha alikatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kawaida ya kampuni. Lengo lilikuwa jema mno: vituo vya afya na madarasa, na vituo vilijengwa kweli, vingine vikaitwa hivyohivyo, vituo vya tozo. Lakini fikiri muamala wenyewe ni nini. Mpwa anamtumia bibi elfu hamsini. Hiyo tayari ni kodi, kodi ya ukoo, imeshalipwa na mtu ambaye mshahara wake umeshakatwa kodi na mwajiri. Serikali ikaja ikaitoza kodi hiyo kodi. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mshipa uliokuwa ukiwalisha walewale iliotaka kuwajengea kituo cha afya.

Watu hawakuandamana. Walirudi kwenye bahasha. Dereva wa basi la Tukuyu akawa benki tena, kama zamani, fedha ikafungwa ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kopo. Ndani ya miezi miwili tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Mawaziri walieleza kwamba wamesikia kilio. Nadhani walikuwa wamesoma mapato.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la Noah, angalau kwa wilaya hii. Ukarimu wa dola unaumiza uchumi pale unapogharimiwa kwa kumtoza anayeinuka au kumkata anayetuma. Unausaidia pale unapompunguzia mzigo yuleyule. Afrika Kusini, ambako wazee weusi walianza kupata pensheni nono ya serikali ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukielekea mwisho wake, Robert Jensen aliona kwamba kila randi moja ya pensheni ilipunguza fedha zilizotumwa na watoto kwa senti 25 hadi 30. Wakosoaji waliliita hilo uvujaji: umempa mzee mia, zikabaki sabini. Mimi nasoma namba hiyohiyo kutoka upande wa mpwa. Thelathini zimerudi mfukoni mwake, kihalali, bila kujificha, bila kuhamia mji mwingine, na bibi bado amebaki na sabini zaidi ya alizokuwa nazo. Ni nafuu ya kodi ambayo Bunge halikuipitisha kwa mpwa lakini imemfikia.

Kwa sababu hiyo naipenda zaidi njia ya Zanzibar kuliko ya bara. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, tajiri au maskini, kutoka bajeti ya serikali yenyewe. Mwaka 2023 ikapanda hadi 50,000. Umri huohuo wa miaka 70 ndio aliouweka Bismarck alipoanzisha pensheni ya wazee Ujerumani mwaka 1889, kabla dola hiyo haijajenga boma la Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na kuanza kukusanya kodi ya nyumba isiyo na pensheni yoyote upande wa pili. Faida ya umri ni kwamba haubishaniwi sana. Bara sisi tunawatafuta maskini kwa mkutano wa kijiji. Mkutano una hekima yake, watu wanajuana, lakini kijijini ambako wengi wanalingana kwa kukosa, mstari kati ya maskini na maskini zaidi huchorwa na anayeshika chaki. Mwaka 2016 serikali yenyewe iliondoa kwenye orodha zaidi ya kaya 55,000 ambazo hazikustahili au hazikuwepo. Mzee wa miaka 70 ni vigumu kumfanya awe hewa, ingawa nakubali kwamba vyeti vya kuzaliwa vya wazee wetu navyo vina ubunifu.

Gharama ipo, na nisijifanye haipo. Pensheni ya wazee wote wa bara ingehitaji fedha ambazo leo zinakwenda mahali, na mahali hapo pana mwenyewe. Tunaelewana haraka tunapozungumzia kikokotoo cha mafao ya kustaafu, kwa sababu kinawagusa wenye ajira rasmi, ambao ndio wenye simu za wabunge. Mchuma chai wa Katumba hana kikokotoo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na ikitekelezwa ilivyoandikwa itawagusa watu wa Makandana na Mwakaleli kuliko mgawo wowote wa fedha taslimu, kwa kuwa ugonjwa ndio unaouza ng'ombe wa watu huku. Mfuko wa Afya ya Jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulitufundisha kitu kimoja: watu hujiunga wakiwa wagonjwa, na hawarudi mwaka unaofuata iwapo waliambiwa dawa wakanunue nje.

Tuliposhuka stendi ya Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alinikabidhi mfuko wake wa sukari nimshikie wakati analifunga koti, akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba marehemu alikuwa mlengwa. Alikuwa akilea vitukuu wawili. Sasa itabidi familia ikae ipange nani atawachukua, na kwa vile mpwa wa Dar es Salaam hana watoto bado, jina lake limeshatajwa.

Siku mbili baadaye nilipita ofisi ya kijiji kimoja upande ule. Mlangoni, kwenye ubao wa mbao uliopinda kwa unyevu, mtendaji alikuwa amebandika karatasi mbili kwa misumari minane. Ya kushoto ilikuwa orodha ya walengwa wa malipo yajayo. Ya kulia ilikuwa orodha ya kaya ambazo hazijamaliza mchango wa darasa. Nilizisoma zote mbili polepole, maana mvua ilikuwa haijakata. Majina manne yalikuwa kwenye karatasi zote mbili.